Mashua ya Alois Iliyoezekwa Bati

Kwetu siku haianzi kwa jogoo. Inaanza kwa nyundo ya Alois. Ko, ko, ko! Mimi bado natafuta kanga yangu, mwenzangu yuko nje anagonga kitu.

"Baba Tumaini, unagonga nini tena?"

"Kitu kidogo tu, mama Tumaini. Kitu kidogo."

Ukimsikia mume wangu anasema kitu kidogo, jiandae. Kitu kidogo kiliondoka na mlango wa banda la kuku. Kitu kidogo kiligeuza meza yangu ya jikoni kuwa ngazi. Maisha yake yote Alois alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Amepaua Mlali, amepaua Mgeta, amepaua hadi Ngerengere. Sasa magoti yake yamekataa kupanda juu. Lakini mikono haina habari kwamba mwenye nayo amezeeka.

Nyumba yetu iko kando ya bwawa. Shamba letu la nyanya liko ng'ambo. Ukizunguka bwawa kwa miguu, nyanya kichwani, unafika barabarani umebeba mchuzi. Ndiyo maana tulinunua mashua. Mwalimu mmoja wa chuo, pale Mazimbu, alikuwa akiitumia kujiburudisha siku za mapumziko. Alipohamishwa, akatuuzia.

Ilikuwa mashua nzuri. Ya mbao, ndogo, yenye mlingoti mfupi na tanga jepesi. Mlingoti ulisimama kwa kushikwa na kamba tatu. Kamba moja ilikuwa mbele, nyingine mbili zilikuwa ubavuni, huku na huku. Kila kamba ilifungwa kwenye bolti nene yenye kichwa cha pete. Mwanangu Tumaini na baba yake walivuka nayo asubuhi. Walirudi nayo na nyanya kabla ya upepo wa mchana kushuka kutoka mlimani. Mimi nilishukuru Mungu, nikadhani mambo yamekwisha.

Wapi!

Siku moja nilimkuta Alois ndani ya mashua na spana mkononi.

"Unafungua nini?"

"Hizi bolti zimekaa vibaya. Zinanibana nikipanga matenga. Nazisogeza nyuma kidogo."

"Unazisogeza?"

"Zenyewe ni ndefu mno, zinasumbua. Nitaweka nyingine, nyepesi."

Hizo nyingine zilikuwa skrubu zenye pete, zile za kutundikia kamba ya pazia. Alizikaza kwenye ukingo wa mashua kwa mkono, bila hata kutokwa jasho. Na zile bolti nene za mwalimu? Moja alimfungia mbuzi. Nyingine mpaka leo hatujui zilikokwenda.

Hapo ndipo mkamwana wangu aliponiita pembeni.

Mkamwana wangu anaitwa Pendo. Ni mke wa Tumaini, kwao ni Ukerewe, kule ziwani. Baba yake anaunda mashua. Pendo amekua kwenye vumbi la msumeno, amekula samaki juu ya mbao za mlingoti. Anajua mashua kama mimi ninavyojua chungu changu. Tatizo ni moja. Alivyolelewa yeye, mke wa mtu hamsemeshi baba mkwe ana kwa ana. Hamtazami usoni. Wakikutana uani, Pendo anageukia ukuta, na Alois naye anakohoa na kuangalia juu kama anayekagua mawingu.

Heshima ni nzuri. Siipingi. Lakini heshima hiyo imenifanya mimi kuwa simu ya nyumba nzima.

"Mama," Pendo akasema, amegeukia ukuta wa jiko. "Mwambie baba zile skrubu ni za pazia. Pazia halivuti. Tanga linavuta."

Alois alikuwa hapo hapo, anachonga mpini.

"Baba Tumaini, mkweo anasema zile skrubu..."

"Nimesikia. Mwambie mimi sijaanza kazi jana. Skrubu ni chuma. Chuma ni chuma."

"Pendo, baba anasema..."

"Nimesikia, mama. Mwambie chuma hakijakataa. Mbao ndiyo itakayoachia."

"Baba Tumaini, anasema..."

"Nimesikia!"

"Sasa kama mnasikiana wote, mimi nasimama hapa kufanya nini? Ugali wangu unaungua!"

Hawakunijibu. Kila mmoja alingoja nimpelekee mwenzake ukimya.

Basi Alois akaendelea. Kwanza aliona mlingoti ni mfupi. Akaunganisha mti wa mkaratusi juu yake, akaufunga kwa waya wa kufungia nondo. Kisha akaona tanga ni dogo. Akashona jingine kwa turubai la lori la mahindi. Lilikuwa zito, na pana mara mbili ya lile la zamani. Kila alipoongeza kitu, Pendo alinituma. Kila nilipotumwa, nilirudishwa.

Halafu ikaja ile siku niliyotoka kuchota maji nikakuta mashua ina paa.

Ndiyo, paa. Alois alikuwa ameweka nguzo nne, papi za kushikia bati, na mabati mawili ya zamani. Ameezeka mashua!

Nilitua ndoo. "Baba Tumaini. Hii ni nini?"

"Kivuli cha nyanya. Jua linaziharibu." Alirudi nyuma, akatazama kazi yake, akatabasamu kama bwana harusi. "Umeona nilivyopiga misumari? Hilo bati halitikisiki."

Jirani yetu Maimuna alikuwa anapita na kuni zake. Akasimama. Maimuna hajawahi kupita bila kusimama.

"Mzee Alois, hongera. Na choo utajenga upande gani?"

"Pita huko, Maimuna!"

"Napita. Nauliza tu kama kuna chumba cha kupangisha."

Mimi sikucheka. Pendo naye hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Safari hii hakutoa ujumbe wowote. Hilo lilinitisha kuliko maneno.

Kesho yake Alois na Tumaini walivuka salama, kwa sababu asubuhi bwawa limelala. Lakini siku hiyo nyanya zilikuwa nyingi, wakachelewa kupakia. Walipoanza kurudi, saa saba ilikuwa imepita. Mimi nilikuwa ufukweni nafua. Niliona majani ya mikaratusi yakigeuka meupe kule juu. Upepo ulikuwa unashuka.

Turubai lilijaa mara moja, pa! Mashua ikalala upande mmoja. Ikainuka. Ukaja upepo wa pili, na nikasikia mlio mdogo, kama mtu anayeng'oa jino. Skrubu ya pazia ilitoka kwenye mbao. Kamba ya ubavuni ikaruka hewani. Mlingoti, mkaratusi, turubai, vyote vikaanguka juu ya mwanangu. Na lile paa? Misumari haikutikisika, kama alivyosema. Paa lilishika vizuri sana. Lilidaka upepo, likaipindua mashua nzima.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakata. Alois hajui kuogelea. Tumaini hajui kuogelea. Niliona vichwa viwili vimeshikilia matenga. Wavuvi wawili wakapiga kasia kwa mtumbwi wao, wakawavuta, na jioni wakaikokota na mashua mpaka ufukweni.

Tumaini alifika nchi kavu ameshika bega. Zahanati walisema mfupa umepata ufa. Wakamfunga mkono, wakamkataza kuinua kitu. Nyanya zetu zilibaki zinaelea bwawa zima, nyekundu, nyekundu.

"Leo bwawa limepikwa," Maimuna akasema. Kisha akaniona uso, akaacha utani, akanisaidia kukunja nguo.

Nilidhani Alois amejifunza. Kesho yake asubuhi, ko, ko, ko!

Nilitoka nje na mwiko mkononi. Alikuwa ameusimamisha mlingoti tena, anapiga misumari pembeni ya skrubu mpya. Safari hii skrubu ilikuwa nene kidogo, na ameizungushia misumari ya bati kama mbwa anayelindwa na askari.

"Nimeona kosa lilipokuwa," akasema. "Skrubu ilikuwa nyembamba. Sasa nimeongeza na misumari. Jumamosi navuka."

"Unavuka na nani? Mtoto amefungwa mkono."

"Peke yangu. Nyanya zilizobaki zimeiva, mama Tumaini. Tukingoja, zinaoza shambani, na msimu umekwenda."

Alikuwa anasema kweli kuhusu nyanya. Hilo ndilo lililoniuma. Na nilijua akisema Jumamosi, ni Jumamosi. Niliusikia moyoni ule mlio wa kung'oka jino tena, na safari hii pembeni hapakuwa na mtumbwi wa mtu.

Pendo akanivuta ndani.

"Mama, yule ni baba yangu sasa. Akizama, nitawaambia nini watu? Kwamba nilijua na nilikuwa nimegeukia ukuta?"

"Basi geuka umwambie!"

Akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Siwezi, mama. Ulimi hautoki. Ila nipe nafasi nimwonyeshe. Chukua hii skrubu iliyong'oka. Nenda mjini, kwenye duka la vifaa. Waambie unataka bolti zenye pete za kushika mlingoti."

Nilikwenda. Dukani nilimkuta dada mmoja anaitwa Rizwana, duka ni la baba yake. Niliweka skrubu juu ya meza.

"Shikamoo bibi. Unataka kama hii?"

"Marahaba mwanangu. Nataka dada yake mkubwa. Hii ilikuwa inashika mlingoti wa mashua."

Rizwana aliishika kwa vidole viwili. "Mashua? Bibi, hii tunawauzia watu wa mapazia. Aliyeitengeneza alifikiria kitambaa. Tazama, meno yake ni mafupi, yameuma mbao juu juu. Na pete yake haijafungwa, imekunjwa tu. Ukiivuta kwa nguvu, inanyooka."

Akanitolea bolti nene, ndefu, yenye pete iliyofungwa kabisa. "Hii inapita mbao kutoka juu mpaka chini. Chini unaweka bamba la chuma, halafu washa, ile pete bapa, halafu nati mbili, moja inaibana nyingine isilegee. Na chukua hizi zilizopakwa zinki. Za kawaida zitakula kutu majini, na kutu inakula kwa ndani, huioni."

"Bamba la nini, mwanangu? Nati si inatosha?"

"Bibi, ukisimama kwenye tope kwa kisigino, si unazama? Ukiweka ubao, huzami. Nati peke yake ni kisigino. Itazama kwenye mbao siku moja. Bamba ndio ubao wako."

Huyo dada alinifurahisha. Alieleza mara moja, akanyamaza. Natamani angekuja kukaa kwangu.

Ijumaa nilimwita Alois bandani kwa mbuzi. Nilijua hapendi kufundishwa, lakini vitendawili hawezi kuviacha. Tulichumbiana kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Mama Tumaini, nina kazi."

"Kitendawili!"

Akapumua. "Tega."

"Ninaye mtumishi. Ukimsukuma hatikisiki. Ukimvuta anatoka mbio."

Akakuna kidevu. "Punda?"

"Punda ukimvuta ndio kwanza anakaa chini."

"Mtoto wa shule?"

"Hapana. Nipe mji."

"Chukua Ngerengere."

"Ngerengere nimekwenda, nikapanda treni, nikala mishikaki, nikalala kitanda cha chuma, nikarudi. Jibu ni msumari."

Alinitazama kwa wasiwasi. Akaona Pendo amesimama nyuma ya banda, amegeukia milima. Akaona vipande viwili vya mbao vimefungwa kwenye boriti ya banda. Kwa chini, kipande kimoja kilikuwa na skrubu nene kama ile yake, imezungukwa na misumari ya bati. Kingine kilikuwa na bolti ya Rizwana, imetoboa mbao mpaka juu, bamba na nati mbili zimeikalia. Chini palikuwa na gunia la mchanga.

"Mmeniwekea mahakama," akasema.

"Mama, mwambie baba atundike gunia kwenye skrubu yake."

"Nimesikia."

Akatundika kwa kamba, taratibu. Skrubu ikashika. Gunia likaning'inia, limetulia kama nyama ya buchani. Alois akatunisha kifua.

"Haya! Mwambie mkweo aangalie! Imeshika au haijashika? Mnanisumbua bure watu wazima nyie!"

Kweli ilishika. Nilimgeukia Pendo, moyo umenianguka.

"Mama, mwambie baba upepo haukai kimya kama gunia. Unavuta, unaacha, unavuta. Mwambie alinyanyue mpaka gotini, aliachie."

Alois akacheka. Akalinyanyua gunia. Akaliachia.

Kra! Skrubu, misumari, na gunia, vyote vikaja chini. Mbuzi akaruka ua. Alois akaruka nyuma, akakanyaga ndoo. Kwenye mbao palibaki tundu, na nyuzi za mbao zimechanika kama nyama ya kuku.

Alois akaokota skrubu. Haikuvunjika. Haikupinda. Alikuwa amesema chuma ni chuma, na chuma kweli hakikuwa na neno.

"Gunia ni lile lile," akanong'ona.

"Mama, mwambie baba kitu kinachoanguka ghafla kinavuta kupita uzito wake. Kama ndoo ikidondoka kisimani na wewe umeshika kamba. Ndoo ni ile ile, lakini mkono unakaribia kung'oka."

Sikumwambia. Alikuwa amesikia. Alikuwa tayari anafunga gunia kwenye bolti.

Akalinyanyua, akaliachia. Bolti ikashika. Akalinyanyua juu zaidi, mpaka kifuani, sasa anafanya kwa hasira. Akaliachia. Pu! Gunia likaanguka tena.

"Aaah!" Alois akaruka kama amefunga goli. "Umeona! Na ya kwake imeanguka! Umeona!"

"Mama," Pendo akasema, na safari hii nilisikia kicheko kidogo kwenye sauti yake, "mwambie baba atazame kilichokatika."

Tukatazama. Bolti ilikuwa mahali pake. Bamba halikusogea. Kilichokatika ni kamba. Ilikuwa kamba yangu ya kuanikia nguo, ambayo Alois aliichukua bila kuniuliza.

"Ndiyo kazi ya fundi wa mashua ilivyo, mama. Ukiimarisha kitu kimoja, unajiuliza, sasa kitakachoachia kwanza ni kipi? Pete ikiwa imara, unatazama kamba. Kamba ikiwa imara, unatazama mbao. Na ukikuza tanga, unarudi kukagua vyote upya, kwa sababu nguvu imezidi kila mahali. Baba alikuza tanga, akarefusha mlingoti, akaongeza paa, halafu pete akazipunguza."

Alisema yote hayo kwa mlima. Alois aliyasikia yote ameinamisha kichwa. Lakini bado kulikuwa na kitu kinamkwaza.

"Mwambie," akasema polepole, "mimi misumari hii nimepiga kwenye nyumba, na nyumba zimesimama."

Pendo akafikiri. "Mama, mwambie baba samahani, namwuliza kama mtoto. Nyumba za Mgeta, kule juu kwenye upepo mkali, alipiga misumari peke yake?"

Alois akakaa juu ya gunia la mchanga.

"Hapana," akasema. Alinijibu mimi, lakini hakuwa akizungumza na mimi. "Kule tulifunga kenchi, zile mbao za paa, kwa mikanda ya chuma, tukaishusha mpaka ukutani. Upepo wa kule unaingia chini ya bati, unalivuta juu. Msumari peke yake unatoka." Akageuza ile skrubu mkononi. "Nyumba nyingine uzito unalala juu ya msumari. Kule upepo unauvuta. Na mashua... mashua ni Mgeta tupu."

"Ewaa!" nikasema. "Sasa kwa nini ulikuwa unapaua mashua kama unapaua Mlali?"

"Usinipigie kelele, mama Tumaini. Nafikiri."

Afadhali afikiri. Nilikwenda kupika.

Jumamosi hakuvuka mtu. Siku hiyo na Jumapili baada ya misa, walifanya kazi pamoja, mimi nikiwa posta katikati. Kwanza lilitoka paa. Alois aling'oa mabati mwenyewe, na alinyamaza kama mtu anayefukia mbwa wake. Nyanya zikafunikwa kwa majani ya mgomba, kivuli kilekile, na upepo hauna pa kushika. Kisha mkaratusi ukatoka juu ya mlingoti. Turubai likarudi kwa mahindi, tanga la mwalimu likarudi mahali pake.

Halafu wakatafuta mbao nzima ya kutoboa. Pendo alinifundisha kuchoma ukingo kwa ncha ya kisu. Mbao nzima inakataa kisu. Iliyooza inakipokea kama muhogo wa kuchemsha. Pale Alois alipokuwa ameweka skrubu, kisu kiliingia. Wakarudi kwenye matundu ya mwalimu, yale ya mwanzo, ambako mbao ilikuwa ngumu na imeongezewa unene kwa ndani.

"Huyu mwalimu," Alois akanung'unika, "angeweza kuniambia."

"Ulimwuliza?" nikasema.

Matundu hayo yalikuwa membamba kwa bolti mpya, hivyo Alois alitoboa upya kwa keke yake, na hapo, kusema haki, hakuna wa kumshinda. Tundu lilisimama wima kama mshumaa. Wakapaka lami ndani ya tundu, maji yasiingie kwenye mbao. Wakapitisha bolti. Bamba, washa, nati, nati. Kamba zilikuwa mpya zote, na Tumaini kwa mkono wake mmoja mzima ndiye aliyezikagua, akizipitisha vidoleni.

Kisha Pendo akataka jambo ambalo sikulielewa. Alitaka tuijaribu nchi kavu. Tukafunga kamba ndefu juu ya mlingoti, tukashika, mimi, Alois, Maimuna na wale wavuvi wawili. Tukavuta kwa upande, kwa mshtuko, mpaka mashua ikainuka ubavu mmoja kwenye mchanga. Pete hazikusogea. Tukavuta upande wa pili.

"Mkikosea, mkosee hapa," Pendo akasema. "Hapa ukianguka, unafuta vumbi."

Jumatatu tulivuka. Nasema tulivuka, kwa sababu na mimi nilipanda. Alois alishika usukani, Pendo alishika kamba ya tanga badala ya Tumaini, na mimi nilikaa katikati. Nilikaa hapo kwa sababu mtu lazima awepo wa kupeleka maneno. Tulivaa majaketi ya kujiokolea, tuliyoazima kwa wavuvi. Pendo alisema bolti inashika mlingoti, haishiki mtu.

Tulichuma haraka, lakini nyanya zilizoiva hazina haraka. Wakati wa kurudi niliona majani ya mikaratusi, kule juu, yakigeuka meupe.

Upepo ulitushika katikati. Tanga likajaa. Mashua ikalala, maji yakaramba ukingo karibu na mkono wangu. Nilitazama pete ya ubavuni. Kamba ilikaza mpaka ikaimba. Nilisikia upepo wa pili unakuja, na ule ndio ulioniua roho mara ya kwanza.

"Achia tanga!" Pendo alijiamrisha mwenyewe, kwani kamba ilikuwa mkononi mwake, lakini ilikuwa imenasa kwenye tenga. "Baba! Geuza mashua iutazame upepo! Sasa!"

Hakusema "mama, mwambie." Hapakuwa na nafasi yangu. Alois aligeuza. Tanga likapiga makofi, likalegea. Mashua ikasimama wima, na mlingoti ulikuwa juu yetu, umenyooka, kila pete mahali pake. Pendo akainasua kamba, tukaendelea taratibu. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili, sijui kwa nini. Labda moyo ungetoka.

Tulifika. Tumaini alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na bandeji yake, kutupokea. Hakuna hata nyanya moja iliyolowa.

Ndipo Pendo alipokumbuka. Akajifunika uso kwa kanga, akageukia matenga, amejiinamia kwa aibu. Alikuwa amemwita baba mkwe, na amemwamrisha, tena kwa kelele. Alois naye akageuka, akawa anaiangalia milima ya Uluguru kama vile ameiona leo.

"Mama Tumaini," akasema. "Mwambie mkweo..."

"Simwambii kitu. Mwambie mwenyewe. Nimechoka. Mgongo unaniuma, na leo posta imefungwa."

Akakohoa. Kisha akainua sauti, akaielekeza kule juu kwenye mawingu.

"Nyie milima! Nasema hivi. Nashukuru. Na kuanzia leo sitoboi tundu kwenye mashua hii kabla sijauliza anayejua. Milima, mmenisikia?"

Pendo hakugeuka. Alikuwa ameinamia tenga la kwanza, anapanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Nyanya," akasema kwa sauti ndogo, "mwambieni baba ametoboa matundu mazuri sana."

Tumaini alicheka mpaka akashika bega. Mimi niliwaacha wazungumze na mlima na matenga yao. Barabarani gari la kwenda sokoni Mawenzi lilikuwa linapiga honi. Nilijitwika tenga, nikapanda ule mwinuko kwa viatu vikavu.